Nyaya za Muda za Gari la Maharusi

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya sikukuu. Nilikuwa nimetoka mafunzoni na cheti cha ufundi umeme wa magari, nimepangiwa karakana ya serikali karibu na bandari ya Dar es Salaam, na kichwani mwangu nilishajiona nimeketi mezani. Msimamizi wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alinitazama miguuni, kisha usoni, akaniuliza jina.

"Tatu binti Salehe," nikasema.

"Binti Salehe, umeme wa nyumba unaua mtu. Umeme wa gari unaua gari. Na hapa hatuna gari la kuua. Vua hivyo viatu, chini kuna oili."

Nilimchukia kwa muda mrefu. Leo namwombea dua kila nikikumbuka, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kazi ambayo vyuoni haikufundishwa: kufunga nyaya za muda.

Ninyi vijana mnaojaribu injini kwa kompyuta, nawaeleza. Enzi zetu injini ikishafumuliwa na kuundwa upya, haikurudishiwa nyaya zake zote mara moja. Ilijaribiwa kwanza, gari likiwa bado tupu, halina taa wala dashibodi. Fundi umeme alitoa waya mnene kwenye betri mpaka kwenye stata, ile mota inayoizungusha injini ianze. Akatoa mwingine mwembamba mpaka kwenye koili, inayougeuza umeme mdogo wa betri kuwa cheche za plagi. Petroli ilining'inizwa juu ndani ya kopo, ikashuka kwa mpira. Injini ikiwaka vizuri, nyaya zile zilifunguliwa, zikakunjwa na kusubiri gari jingine.

Hayo kila fundi aliyajua. Msimamizi wetu aliongeza mambo mawili. La kwanza, taa ya oili. Hii huwaka wakati oili haijapanda ndani ya injini, na huzima ikishapanda. Wengine walitumia kibalbu cha dashibodi. Yeye alitaka balbu kubwa ya breki pamoja na kioo chake chekundu, itundikwe mahali ambapo hata mpita njia ataiona. La pili, waya wa kwenda kwenye koili haukupitia swichi ya kawaida, ulipitia kitufe cha honi. Ukikibonyeza, cheche zinapatikana. Ukikiachia, injini inazima papo hapo. Alisema swichi humsubiri mtu afikiri, na mtu aliyeshtuka hafikiri, huachia tu alichoshika. Basi tuzungushe kwanza kwa stata bila cheche, na mtu asiguse kitufe kabla ya taa kuzima.

Baadaye nilihamishiwa Posta, kwenye magari ya wizara. Mkuu wa Usafirishaji wa pale alipenda sana gari ling'ae, lakini injini ikikohoa alikuwa akiniambia, "Ndugu Tatu, piga rangi kwanza." Kwa miaka ile nilijifunza zaidi kunyamaza kuliko umeme. Kwa hiyo nilipoazimwa kwenda Gerezani, pale ubavuni mwa Kariakoo, kuwafundisha umeme mafundi wa karakana ya ushirika, nilifunga mizigo huku naimba.

Fundi Mkuu wa ushirika alikuwa Mzee Mlay, mtu wa Kilimanjaro, mkimya, mpole, na hodari wa injini kupita mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Wakati ule vipuri vilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Injini iliweza kukaa wazi miezi ikisubiri kipuri kimoja, na vumbi la Kariakoo mnalijua, halibishi hodi. Vifuniko vya mpira havikupatikana. Matambara huacha nyuzi. Mafundi wa Gerezani wakabuni lao: walichukua magunzi kwa wachoma mahindi, wakayachonga kwa kisu na kuziba kila tundu na kila bomba. Nilipofika niliwacheka. Baada ya wiki moja nilikuwa nachonga na mimi.

Ndipo likaletwa gari la Bi Mwanaidi wa Magomeni. Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, jeusi, lenye ubao wa kukanyagia pembeni na kiti cha nyuma kipana kama kitanda. Marehemu mumewe alilitumia kubebea maharusi, na hapakuwa na familia Magomeni ambayo haikuwahi kutoa bibi harusi ndani yake. Mume alipofariki, gari lilikuwa limekufa kabla yake. Shemeji yake Hamisi, kuli wa bandarini mwenye mabega ya kubeba kabati, alitaka liuzwe chuma chakavu. Bi Mwanaidi alitaka lifufuliwe, alee nalo watoto. Wazee wa ukoo wakakata shauri: injini itengenezwe, na siku ya kujaribiwa Hamisi awepo. Ikiwaka, gari ni la mjane. Isipowaka, linauzwa siku hiyohiyo.

Mzee Mlay aliisuka injini ile kama anashona kanzu ya bwana harusi. Beringi za ndani, zile zinazobeba mzunguko wote, alizipata kwa baharia mmoja, na mjini hapakuwa na nyingine. Zikizunguka kavu hata kidogo zingeungua, na habari ya gari ingeishia hapo.

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi asubuhi. Betri tuliazima kwenye lori la viazi la mfanyabiashara wa sokoni, na dereva wake alisimama karibu akiitolea macho kama tunataka kuila. Wapagazi walikuja kutazama. Bi Mwanaidi alijifunga kanga vizuri na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hamisi alisimama, amekunja mikono.

Nikafunga nyaya zangu. Balbu ya breki ikawaka nyekundu juu ya boneti. Nikaunganisha stata, injini ikazunguka. Ikazunguka tena. Balbu haikuzima.

"Bado?" akauliza Mzee Mlay.

"Bado, Mzee."

Tukapumzisha stata, tukarudia. Safari hii sauti ilikuwa nzito, betri inachoka. Taa nyekundu vilevile.

"Bonyeza kitufe, binti yangu," akasema Mzee Mlay kwa sauti ndogo. "Hiyo ni taa tu. Injini ikishawaka, oili itapanda yenyewe."

"Bonyeza, dada!" wakadakia wapagazi.

Hamisi akacheka puani. "Shemeji, asiyekubali kushindwa si mshindani. Liuzwe tu, tugawane."

Bi Mwanaidi alinitazama mimi, na sijawahi kutazamwa vile tena. Niliogopa, nasema kweli. Nilimwogopa Mzee Mlay, kwa sababu yeye ndiye mwenye injini na mimi ni wa nyaya tu. Niliogopa betri isije ikaisha wakati mimi nashangaa balbu. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, na kilitaka kubonyeza. Nikakiondoa.

"Sibonyezi, Mzee. Unisamehe."

Nikauchomoa waya wa taa kwenye swichi yake ya oili, ile iliyofungwa ubavuni mwa injini. Balbu ikazima. Maana yake waya wangu haukuwa umegusa bodi ya gari mahali pengine, jambo ambalo lingeiwasha taa bure. Taa ilikuwa inasema kweli, au swichi yenyewe ilikuwa mbovu. Nikamwomba Mzee Mlay aifungue swichi. Tukizungusha injini, oili ikachuruzika kwenye tundu, basi swichi ni mwongo. Tundu likibaki kavu, basi tumshukuru Mungu kwamba sikubonyeza.

"Na betri?" akauliza dereva wa lori kwa uchungu.

Magari ya zamani yalikuwa na hendeli ya kuzungushia kwa mkono, inaingizwa mbele chini ya rejeta. Ni kazi ya mtu mwenye nguvu. Sisi sote, bila kuambiana, tukamgeukia Hamisi.

"Nani, mimi?"

"Wewe ndiye shahidi, shemeji," akasema Bi Mwanaidi. "Shuhudia kwa mikono."

Watu wakaangua kicheko. Hamisi akavua shati, akaishika hendeli na kuzungusha mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mzee Mlay akatia kidole kwenye tundu, akakitoa na kukitazama. Kikavu. Akakaa chini palepale kwenye oili na suruali yake safi.

"Bomba," akasema. "Bomba la kutoka kwenye pampu. Tulifungue."

Tukalifungua. Akaligonga kwenye kiganja, hakikutoka kitu. Akachokoa kwa waya, kikaanguka kizibo cha gunzi, cheusi kwa oili, kimelowa na kuvimba. Alikichonga mwenyewe kulinda bomba lile na vumbi. Upande mmoja alikumbuka kuzibua, upande wa pili kikazama ndani, akalifunga nacho.

Hakuna aliyecheka. Mzee Mlay alikigeuzageuza kile kipande kidogo kiganjani, na mimi nikajisikia kulia. Si kwa huzuni, bali kwa vile kidole changu kilivyokuwa karibu kubonyeza.

"Haya, Mzee," akasema Hamisi, jasho linamtiririka. "Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Funga bomba, nizungushe."

Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya. Mtu aliyekuja kuuza alikuwa ameishika hendeli kama amekatazwa kuiachia. Bomba na swichi vikafungwa, waya wa taa nikaurudisha, balbu ikawaka. Hamisi akazungusha, akapumzika, akazungusha. Mara ile nyekundu ikafifia. Ikazima.

Ah, raha ya taa kuzima! Nikabonyeza kitufe, Mzee Mlay akagusa stata kwa nguvu kidogo iliyobaki, na injini ikakohoa mara moja, ikawaka. Haikunguruma, ilinong'ona. Wapagazi wakapiga vigelegele kuwashinda wanawake. Dereva wa lori akamkumbatia mtu asiyemjua. Hamisi akatafuta shati lake, akajifutia uso, akasema neno moja tu: "Libaki."

Baada ya muda nikataka kuachia kitufe. Bi Mwanaidi akanishika bega.

"Usiizime bado, mwanangu. Acha niisikilize."

Nikaendelea kubonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Hakulia. Alifumba macho tu, akawa anaitikia kwa kichwa.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nikarudishwa serikalini, nikapanda cheo, nikawa na mimi msimamizi ninayewavua watu viatu. Wanaostaafu huulizwa wamejenga nini. Mimi nilichofunga kilifunguliwa jioni ileile, hakuna waya wangu hata mmoja uliobaki ndani ya gari la mtu. Zamani jambo hilo lilinisononesha. Sasa hivi nalala usingizi mzuri.

Siku ya kuagwa kwangu walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Nilipotoka getini nimeikumbatia saa, lile gari jeusi lilikuwa limeegeshwa, linang'aa. Bi Mwanaidi mwenyewe alikuwa kwenye usukani, mvi zimemjaa, kwa sababu aligoma kuajiri dereva na akajifunza kuendesha. Nikamwamkia, akaitikia, nikaenda kufungua mlango wa mbele.

"Nyuma," akasema.

"Mama, nyuma ni kwa maharusi."

"Nimewabeba watoto wa watu wote mji huu, nikasomesha wangu watano. Wewe sijakubeba hata siku moja. Kaa nyuma, Tatu."

Nikakaa nyuma. Akapita Kariakoo makusudi, polepole, akipiga honi njia nzima.