Baba Mkwe Aliniita Nimtazame, Nikamtumia Vidonge

Nimekosa, jamani. Sitazunguka, maana moyoni mwangu nimezunguka vya kutosha. Baba mkwe wangu amelala kaburini huko Lufingo, na mkono wangu umo.

Sikumwekea sumu. Nilimpa dawa halali, tena nzuri, na hapo ndipo ninapochoka kabisa.

Mimi ni muuzaji wa duka la dawa hapa Tukuyu. Nilisomea, cheti kipo ukutani. Mume wangu ni mzaliwa wa Lufingo, na kwao desturi ya kale haijafa: mkamwana hamtazami baba mkwe. Hukai naye chumba kimoja, hulitamki jina lake, na ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Wengi wa rika letu wameshaiacha. Mimi niliishika kwa mikono miwili, maana wifi yangu mkubwa alishasema kwamba mke wa mjini, tena muuza dawa, atamkodolea baba macho kama mteja. Nikaapa hatanipata kwa hilo.

Basi mzee akaanza kusumbuliwa na kiungulia. Mume akaniletea habari: kifua kinawaka, na akilala maji machungu yanampanda kooni. Nikampa omeprazole, za kupunguza asidi tumboni, ameze kabla ya kula, na vidonge vya kutafuna. Tumbo lilipoanza kujaa gesi nikaongeza vidonge vya bakteria wazuri, nikaagiza asikose maziwa mgando, ambayo kwao hayakosekani. Nikamwelekeza mama mkwe ainue kitanda upande wa kichwani kwa matofali.

Mzee akapata nafuu. Loo, nilivyosifiwa! Akanitumia mkungu wa ndizi na salamu kwamba mganga wake ni mkamwana wake. Kichwa kikanivimba. Tangu hapo kila moto ulipomrudia niliongeza dawa. Mgonjwa alikuwa nyuma ya ukuta, nami nilimtibu kwa habari za kuletewa.

Jumapili moja tulikwenda kuwaona. Wanaume wakala sebuleni, mimi nikabaki jikoni na mama mkwe na wifi. Nikamsikia mzee anakohoa, kisha anajipiga kifuani, puu, puu, kimya, halafu anaomba maji. Nikamuuliza mama kulikoni. Akasema siku hizi ndizi zinamkwama, anazisukuma kwa maji, nyama alishaiacha. Nikauliza kama amepungua. Akasema mkanda wa suruali ameutoboa matundu mapya, lakini ni uzee tu.

Mungu wangu, nilijua! Hilo ndilo ungamo lenyewe. Darasani tulifundishwa kwamba mtu wa umri ule anayekwamwa na chakula huku anakonda si wa kuuziwa dawa ya kiungulia, ni wa kupelekwa hospitali haraka. Nikaendelea kukoroga mboga.

Punde mama akaitwa sebuleni, akarudi na ujumbe. "Baba yako anasema uingie umtazame. Ameruhusu mwenyewe."

Nikapiga magoti palepale. "Mama, siwezi kumwona baba. Nitamtumia dawa."

Wifi alikuwa ananiangalia. Adabu ile nilimwonyesha yeye, si mzee. Na kuna baya zaidi: ningeweza kumwambia mume wangu tu ampeleke hospitali, bila kumtazama mtu. Sikusema, maana ningekuwa nimekiri kwamba dawa zangu zimeshindwa. Nikarudi dukani nikafunga pakiti nyingine, nikampa mume apeleke.

Mvua za masika zilipokuwa zinakatika, hata maji yakagoma kupita. Akatapika damu. Alipofikishwa hospitali kubwa Mbeya wakamwingiza kamera kooni: saratani ya umio, njia ya chakula, tena imeshasambaa. Daktari akauliza alikuwa anatumia nini, mume akaninyooshea kidole mimi. Daktari hakunifokea. Alisema dawa ile huzima moto, na moto ukizimika mtu hudhani amepona, ila angeletwa mapema pangekuwa na la kujaribu.

Wodini hakuna ukuta. Ndipo nikamwona baba mkwe wangu uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Mashavu yameingia ndani, mifupa ya mabega imetokeza. Yeyote mwenye macho angejua siku nyingi! Akanitazama, akasema kwa sauti iliyokauka, "Nilikuita, mwanangu."

 

Sasa akija mteja akasema nipe dawa ya kiungulia, nasikia tena kifua cha mzee kinapigwa, puu, puu. Namtazama mpaka anakereka. Namuuliza kama anameza vizuri, kama amekonda, kama choo kimekuwa cheusi. Wengine huondoka wananung'unika. Waende, mradi waende hospitali! Juzi mzee mmoja wa Kyimo alikohoa mlangoni, nikaacha watu kaunta nikakimbilia chumba cha nyuma, nikajifungia nikalia.

Mume wangu hajanilaumu, kwa sababu hajui nilichokijua siku ile jikoni. Anadhani mkewe alijitahidi. Kila akinishukuru natamani ardhi inimeze. Wewe unayesoma ndiye wa kwanza kuambiwa.

Ndugu yangu, kiungulia kina dawa, na maziwa mgando ni mazuri, simzuii mtu. Lakini kisipokoma, au chakula kikianza kukwama, usimtibu mzazi kwa kutumiana salamu. Nenda ukamwone. Mpeleke apimwe, hata kama ni aibu, hata kama ni wewe uliyekuwa unampa dawa.

Msibani mama mkwe aliwaambia wake wa shemeji zangu waige heshima yangu kwa marehemu, na bado anawaambia. Wakamwana wenzangu, nawapigia magoti, msiniige.