Jamaa wa Programu ya Maji

Jamaa anayetengeneza programu ya simu ya kujua kama bomba la Kitangari linatoa maji ana mtindo wake. Akikupa simu uijaribu, anakalia mikono asije akakusaidia, anaangalia vidole vyako tu. Jana alimpa Mama Flora, aliyetaka kujua kama ateremke na ndoo hadi bombani kule bondeni au la. Simu ikamuuliza jina, akaandika Mama Flora. Ikamkataa, maana kwenye orodha ya watumia maji aliandikishwa Veridiana.

“Jina la Veridiana analijua padri tu. Sasa nisinywe maji?”

Tukacheka. Jamaa hakucheka, akafuta swali lote la jina.

“Jaribu tena, mama.”

Simu ikajibu: maji yanatoka. Mama kanyakua ndoo, simu bado mkononi, huyoo! Tukampigia kelele:

“Mama Flora, simu ya watu hiyo!”

Jamaa akatuambia tumwache aende.