Siku Nilipoanuliwa Pamoja na Mpunga

Leo nacheka, lakini siku yenyewe niliomba ardhi ipasuke nizame, na kama mnataka kujua kwa nini mkwe wangu Masanja mpaka leo ananiamkia huku anatazama kandambili zake, sogezeni viti niwasimulie.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ifakara, kutwa nzima niko chumbani nashona, na nikitoka ni mikono mirefu na mtandio, maana tangu ujana niliamini jua linazeesha (na uso huu nimeutunza, msibishe). Nilipopita miaka hamsini na hedhi ikakoma, maumivu yakaanza, leo nyonga, kesho mgongo. Daktari akanipima, akasema vitamini D iko chini. Nikashangaa, "Inapunguaje, na jua lote hili la Kilombero?" Akajibu, "Jua liko nje, mama, wewe uko ndani." Akanieleza kuwa kwa umri wetu mifupa inapungua nguvu, na bila hiyo vitamini hata madini ya kwenye dagaa unaokula mwili hauyatumii vizuri. Akanipa vidonge, akanionya nisizidishe, akaniambia nile mayai na samaki wenye mafuta, na niwe nakaa juani muda mfupi, mikono na miguu wazi.

Ningeyafanya hayo polepole kama binadamu wa kawaida, lakini kulikuwa na posa. Binti yangu Yasinta alikuwa amepata mchumba, huyo Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe huko upande wa Mchombe, na Jumamosi alasiri alikuwa anakuja na shangazi yake na mzee wao mmoja kujitambulisha. Sasa mnajua kwenye posa watu wanaulizana, ukoo huu una ugonjwa gani? Wakinikuta nachechemea nimeshika kiuno, si watasema na binti atarithi? Niliogopa kweli, maana Yasinta anampenda yule kijana mpaka anaimba akiosha masufuria. Nikaapa hawatajua.

Asubuhi hiyo nikamtuma Yasinta sokoni kutafuta samaki. Uani nilikuwa nimeanika mpunga kwenye turubai, uzio wa matete umezunguka kote, nikaona hapa ndipo pa kuchukua jua langu. Daktari alisema kukaa, mimi nikaona kwa nini nikae na wakati naweza kulala, jua linipige kote kwa mpigo mmoja ili wageni wanikute nimepona? Nikavua gauni, nikabaki na sidiria na gagulo nimelikunja mpaka mapajani, nikajilaza juu ya mpunga. Jamani, ule mpunga unawasha lakini una joto zuri! Usingizi ukanichukua.

Nilichoshtukia ni "Hodi! Hodi wenyewe!" Sauti ya Masanja. (Kumbe lori lililowapa lifti liliwahi, wamepiga simu weee, na simu iko ndani kwenye chaji.) Gauni langu liko kwenye kamba, upande wa mlango wa uzio, ambako wangeniona kutoka njiani. Nikavuta pembe ya turubai, nikajifunika gubigubi, nikajisemea watakosa mtu, watakaa barazani, nami nitachomoka.

Wingu sikuliona. Nilisikia tu jirani yangu Mama Oliva akipiga kelele, "Mvua! Mvua! Anueni mpunga!" Na kwetu huku mvua ikitisha, mpunga ulioanikwa hauna mwenyewe, hata mliyenuniana naye anaruka uzio kuja kusaidia, aliye kwenye baiskeli anaiangusha. Sembuse wakwe waliofundwa wakafundika! Nikasikia miguu inakuja mbio, na kabla sijafumbua mdomo pembe zote nne zimeshashikwa. Masanja amezoea magunia, alivuta upande wake nikabingirika mpaka katikati, mpunga umeniingia masikioni.

"Mbona mzito hivi?" akauliza.

"Umeshalowa huo," akajibu Mama Oliva, mtaalamu wa kila kitu. "Inueni!"

Wakainua, nyonga ikajikunja, nami nikapayuka, "Jamani, nyonga yangu!"

Turubai likaachiwa puu! Likafunguka, na mama mkwe huyo hapo, miguu juu, punje zimejaa nywele. Masanja alinitazama mara moja tu, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, akakimbia hivyo hivyo bila kuona mbele, akaingia chooni akajifungia. Yule mzee akageukia uzio. Shangazi akafungua kitenge chake cha juu, akanifunika.

"Mama Yasinta," akasema Mama Oliva, "mganga gani kakutuma ulale hivi mchana kweupe?"

Hapo nikaona mwisho wa posa. Nikinyamaza nitaitwa mchawi, nikisema nitaitwa mgonjwa. Nikamwonea huruma mwanangu, nikalia, huku mvua imeanza kutunyeshea, nikayamwaga yote, mifupa, daktari, vitamini, na kwamba nilikuwa nawaficha wao hasa.

Tukaingia ndani. Yasinta aliporudi na samaki wake alinikuta nimekaa na kitenge cha watu mabegani, mchumba hataki kutoka chooni, ikabidi ambembeleze mlangoni.

Baadaye tulipokaa rasmi, yule mzee akakohoa, akasema utaratibu ni utaratibu, lazima aulize kama nyumba hii ina ugonjwa. Nikainamisha kichwa. Shangazi akapandisha mkono wa gauni lake, akaonyesha kifundo cha mkono kilichounga kombo.

"Niliteleza uani tu, mayu, mfupa ukavunjika," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Hata hawa niliwaambia nilipigwa teke na ng'ombe." Kisha akamgeukia mzee wake. "Swali hilo tuanze kujibu sisi."

Mzee akanywa maji, akaendelea na mengine.

Jumatatu nilimpeleka shangazi kwa daktari wangu, naye sasa ana vidonge vyake. Nami nimeapa, kwenye turubai silali tena. Jua langu nalipata kidogo kidogo nimekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, nimevaa kiheshima, na anayeuliza namwambia mifupa inaniuma.