Rafiki Zangu Walipoanza Kumwaga Divai Yangu

Nilimfuma Eladio amechuchumaa nje ya stoo yangu ya divai, anamwaga glasi yake kwenye mfereji wa maji machafu.

Taratibu. Kama mtu anayeficha ushahidi.

Dakika mbili baadaye alirudi mezani, akajifuta mdomo, akaniambia, "Cele, ya leo umeipatia kweli."

Miaka thelathini na moja ya urafiki, halafu unaniletea usanii mezani kwangu.

Ngoja niwaeleze vizuri tusipotezane.

Mimi naitwa Celedonio, ni fundi wa vigae. Naishi peke yangu tangu mimi na mke wangu tuachane. Kijijini kwetu, karibu na mji wa Haro, familia nyingi zina stoo ya divai iliyochimbwa ubavuni mwa kilima. Yangu niliachiwa na baba. Ndani mna meza ndefu, jiko la mtungi wa gesi, na pembeni mahali pa kuchomea nyama kwa vijiti vya mizabibu.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, tunakutana watatu. Mimi, Eladio aliyekuwa dereva wa malori, na Nieves wa duka la dawa.

Mimi nachagua divai nyekundu na kupika chakula cha kuendana nayo. Wao ni mahakimu. Tunaionja divai yenyewe kwanza, kisha pamoja na chakula, kisha hukumu inatoka: vimeoana, au ndoa hakuna.

Sijisifu, lakini pua yangu ilikuwa na jina. Watu walikuwa wananiita ninuse mapipa yao kabla hawajauza.

Sasa mtu kama huyo, unamwaga divai yake kwenye mfereji?

Ilikuwa Februari. Nilimeza hasira, nikajikausha.

Ila mwaka huo kila kitu kiliniudhi, nawaambia ukweli. Divai nilizonunua zilikuwa butu. Nyama ya buchani ilikuwa kama karatasi. Nikawa nalalamika kila duka, kwamba watu siku hizi hawajui kazi. Jikoni nikaongeza kitunguu saumu. Nikaongeza paprika. Bado.

Machi nikaamua kuwanyoosha. Nikafungua chupa ya miaka kumi na miwili, nikapika mkia wa ng'ombe saa nne nzima ndani ya divai, hadi nyama ikaachia mfupa yenyewe.

Nieves akaonja kijiko kimoja. Baada ya hapo akala mkate.

"Vipi, Nieves?"

"Sina njaa sana leo."

"Umekuja kwenye chakula bila njaa?"

Akazungusha glasi yake, akaiweka chini bila kunywa.

"Cele, hii chupa uliinusa kabla ya kuimimina?"

"Unamuuliza nani? Mimi?"

"Nauliza tu."

"Uliza vingine."

Akavuta pumzi. "Haya. Wewe mwenyewe unaendeleaje? Tangu yale mafua..."

Nikaona mguu wa Eladio ukimgusa chini ya meza. Nieves akachukua mkate mwingine.

Hapo nikajua kuna kitu kinapikwa, na si mimi ninayekipika.

Nyumbani nikawa napiga hesabu moyoni. Mwaka uliopita Eladio alirithi mizabibu ya mjomba wake, nusu hekta. Akaanza kutengeneza divai yake. Nikasema basi, ndiyo hiyo. Jamaa amepanda cheo, sasa vya kwangu ni vya kumwaga.

Aprili ikaja. Nimeshapanga viazi na soseji nyekundu, chakula kisicho na makuu, na divai changa ya kuendana nacho.

Eladio anaingia amebeba sufuria. Kwapani ana chupa isiyo na lebo.

"Leo pumzika, mshikaji wangu. Nimepika kondoo. Na hii ni ya kwangu, mavuno ya kwanza."

"Nani kakutuma upike?"

"Hakuna aliyenituma. Nimeona upumzike."

"Nimechoka na nini, Eladio?"

Akajifanya hajasikia, akapakua.

Nieves alikula kama mtu aliyetoka mfungo. Akafuta sahani kwa mkate. Akanywa, akafumba macho.

"Hii ndoa kabisa," akasema. "Wamependana hawa."

Miezi mitatu sijaisikia sentensi hiyo kwenye stoo yangu mwenyewe.

Nikaonja nyama. Chumvi, mafuta, basi. Nikaonja divai. Ukali kidogo, uchungu kidogo, maji. Hakuna kingine, naapa. Nikasema moyoni, hawa wamekula njama. Wanasifia maji ili waniumize.

"Divai yako haina kitu ndani," nikamwambia Eladio.

"Haina kitu?"

"Haina. Ni maji yaliyopakwa rangi."

Wakatazamana. Ule mtazamo ndio ulionimaliza. Ungekuwa wa dharau ningeuvumilia. Ulikuwa wa huruma, kama wanaomtazama mbwa aliyegongwa na gari.

Nikasimama.

"Umepata mistari kumi na miwili ya mizabibu umeshajiona mwenye shamba. Nilikuona Februari unamwaga divai yangu mferejini. Ulidhani mimi kipofu?"

"Cele, kaa tuongee," Nieves akasema.

"Tokeni. Hapa ni kwa baba yangu, si mgahawani."

Wakatoka. Sufuria wakaiacha.

Tukachuniana mwezi mzima. Nieves alipiga simu mara sita, sikupokea. Siku moja nikamwona Eladio mbele ya kanisa, nikavuka barabara.

Jumamosi ya kwanza ya Mei nikaenda stooni peke yangu. Ukaidi tu. Nikasema sihitaji hakimu, nitakula mwenyewe, nitahukumu mwenyewe. Nikatandika meza ya mtu mmoja. Nikafungua chupa. Nikapanga vijiti vya mizabibu, nikatia chumvi mbavu za kondoo.

Nikachukua kiberiti.

Njiti nimeshaitoa, mlango ukapigwa teke. Eladio. Hakusalimia. Alinirukia, akanipokonya kiberiti, akanikamata kola na kuniburuta hadi nje.

Nikamtandika ngumi ya mdomo. Sikufikiria hata mara moja.

Hakunirudishia. Alitema damu, bado amenishika kola.

"Una wazimu, Cele? Husikii?"

"Nisikie nini? Kimya tupu."

"Gesi."

"Gesi gani?"

"Stoo nzima inanuka gesi. Nimeisikia nikiwa kule barabarani. Nilikuja kukuomba msamaha."

Nikageukia mlangoni. Nikavuta hewa kwa pua kama mbwa wa polisi. Nikavuta tena, ndefu.

Hakuna kitu.

Eladio akaona uso wangu. Akaniachia kola.

"Husikii kabisa?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa.

Aliingia ameziba pua, akafunga mtungi, akaacha mlango wazi. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka, na stoo ilikuwa imefungwa tangu Alhamisi. Kisha tukakaa kwenye jiwe la nje, yeye na mdomo wake uliovimba, akaniambia yote.

Chupa ya Februari ilikuwa imeharibiwa na kizibo. Ilinuka boksi lililolowa. Ya Machi nayo vivyo hivyo. Nyama ya Machi ilikuwa imechacha kabla haijaingia chunguni, na kile kijiko kimoja kilimharisha Nieves siku mbili.

"Na mkanyamaza."

"Tungesemaje? Wewe ukiambiwa chumvi imezidi unanuna wiki mbili. Nieves alitaka kukwambia Machi, nikamzuia. Nilisema pua itarudi, tusimvunje. Hilo kosa ni langu."

Nilikasirika upya. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo.

Daktari wa pua na masikio, mjini Logroño, alinithibitishia. Yale mafua ya Januari yaliyonilaza siku tisa yaliondoka na harufu zote. Huenda zikarudi, huenda zisirudi. Akanipa mazoezi: kila asubuhi ninuse limau, karafuu na kahawa.

Huu ni mwezi wa saba tangu nianze. Nasimama jikoni na karafuu puani kama mganga wa uongo. Hakuna kitu. Siku moja nilidhani nimeisikia kahawa, nikampigia simu Nieves nikilia. Kumbe ilikuwa hamu tu.

Jumamosi zetu zimerudi. Nieves ndiye anayenusa chupa, Eladio anakagua nyama, mimi napika kwa kuelekezwa. "Ongeza." "Basi." "Hapo inaungua, Cele." Inachosha, sitawadanganya. Kuna siku natamani kuwafukuza tena wote wawili.

Somo langu ni hili, na halinifurahishi kulisema. Ilikuwa rahisi kwangu kuamini kwamba watu walionipenda miaka thelathini wamegeuka washenzi ndani ya miezi mitatu, kuliko kuamini kwamba kasoro iko kwangu. Kwa hiyo dunia yote ikianza kukuudhi kwa mpigo, duka, bucha, marafiki, usitafute njama. Nenda hospitali kwanza.

Na wewe unayemwonea rafiki yako aibu kumwambia ukweli: mwambie. Anune. Atanuna akiwa hai.