Upande wa Kushoto

Mimba yangu ya miezi mitatu ilionekana kama ya sita, na mama mkwe akaamua ni mapacha. Pale Ruponda, jambo likishasemwa kisimani, nani atabisha? Akatenga kanga mbili za kubebea.

Ultrasaundi ya Nachingwea ikaonyesha mtoto mmoja, na kushoto kwake uvimbe kwenye ovari, mkubwa kama nazi. Daktari akasema tungoje mwezi wa nne, mimba ishike vizuri, ndipo wautoe na mtoto abaki. Nikangoja, naogopa hata kukohoa.

Walipoutoa waliupeleka kupimwa kama ni saratani. Mama mkwe akaja wodini na kitambaa cheupe, kipya.

“Nipeni nikamzike,” akamwambia nesi.

“Mama, ule ni uvimbe!” nilifoka mpaka mshono ukaniuma. “Hakuwa mtu!”

“Umekaa tumboni mwako, mwanangu. Hata kondo la nyuma tunalifukia. Huu utauachaje kwa watu baki?”

Nilimgeuzia mgongo hadi akaondoka.

Majibu yalikuwa hayajarudi siku mtoto alipocheza kwa mara ya kwanza, upande wa kulia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kushoto, ukasubiri.