Siku Mchezo Wangu Ulipokataa Kufunguka

Baba mdogo alikuwa ameshawahi nafasi mbili kwenye gari la kurudi kijijini kwake Mamba. Aliniambia hivyo nilipompokea stendi, kabla hata hatujamaliza salamu.

"Moja yangu, moja yako. Linaondoka saa tisa. Ukinionyesha huo mchezo wako ukaonekana, unabaki. Usipoonekana, beba shuka."

Hakuwa na ubaya. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi kwa Mama hapa Shanwe, na tangu nirudi watu walikuwa wananiona nimeinamia laptop tu. Ndugu walishajadiliana kwenye simu bila mimi, wakakubaliana kwamba nahitaji kushughulishwa. Mpunga wa Baba mdogo ulikuwa umeanza kutoa masuke, ndege wanashuka makundi kwa makundi, na alitaka mtu wa kuwaamia, awafukuze kutwa nzima. Sikuogopa shamba. Niliogopa kwamba kule kwenye majaruba hakuna umeme, na laptop yangu betri ilishakufa, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Ningeenda na kuuacha mchezo nusu, na mimi najijua. Kitu nikikiacha nusu nakifikiria mpaka nakiogopa, halafu sikigusi tena.

Mchezo wenyewe niliutengeneza mimi. Ni bodaboda anatoka Mpanda mjini kwenda Katumba na abiria mmoja mwenye haraka, barabarani anakutana na makundi ya ng'ombe, na anatakiwa apite bila kumgusa hata mmoja. Sauti sikuwa nimeweka, kwa sababu sikuwa nimeamua pikipiki ikiogopa inaliaje.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa ameshafagia sebule na kila kitu kipo mahali pake: vitambaa kwenye makochi, kitambaa kwenye TV, kitambaa kwenye redio ambayo haijawahi kuzungumza tangu nizaliwe. Dada yangu mkubwa alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele aliokuja nao Baba mdogo. Tulikula. Kisha Baba mdogo akavuta kiti mpaka kwenye meza ya laptop, akavaa miwani, akakunja mikono kama mtu anayesubiri hukumu isomwe.

Nikabonyeza mara mbili. Kialama cha kusubiri kikazunguka kidogo, kikaacha. Hakikutokea kitu.

"Inakuja," nikasema.

Haikuja. Nikabonyeza tena. Kikazunguka, kikaacha. Pale mezani palikuwa pametulia, lakini ndani ya kichwa changu tayari palikuwa na kikao. Mjumbe wa kwanza alisema ni virusi, kutoka kwenye flashi ya nyimbo za kwaya niliyoazima. Wa pili akasema kadi ya picha imeungua, kwa sababu umeme ulicheza juzi. Wa tatu, huyo ndiye huwa namsikiliza zaidi, alisema mchezo haujawahi kufanya kazi hata siku moja, ila nilikuwa natamani sana mpaka nikauona.

"Ndio umeanza?" Baba mdogo aliuliza kwa adabu, akiangalia picha ya ua kwenye kioo.

"Hapana, hilo ni ua tu."

"Zuri."

Nikaizima laptop, nikaiwasha. Nikabonyeza, hakuna kitu. Nikazima kinga ya virusi, nikiwa na wasiwasi kwamba virusi walikuwa wanasubiri nafasi hiyo hiyo. Nikaufuta mchezo, nikauweka upya. Nikashusha programu mpya ya kadi ya picha kwa bando la Dada, ambaye alinitazama wakati wote huo kama mtu anayetazama mtu akimlia mboga. Nikabonyeza tena na tena. Kila nilipobonyeza, feni ya laptop ilizidi kuvuma, na mwisho ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga.

"Sasa hiyo ndiyo pikipiki?" Baba mdogo akauliza.

"Hiyo ni feni."

"Inakwenda kwa nguvu. Nyie mnasoma mambo mazito."

Dada akapepeta mchele. "Baba mdogo, huyu hata shule ya msingi alikuwa anafuta jibu sahihi ili alifikirie vizuri. Mpeleke tu, msomi wetu. Ndege wa Mamba wakiona cheti watakimbia wenyewe."

"Wasipokimbia?"

"Atawaeleza sababu. Watachoka."

Baba mdogo alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka pia, kwa namna ya mtu anayeshuka mlima bila breki. Ilikuwa imebaki nusu saa gari liondoke. Nilianza kubonyeza vitufe vyote kwa zamu, mishale ya juu, ya chini, ya pembeni, bila sababu ya kitaalamu, na wakati huo huo nilikuwa nafikiria shuka lipi nibebe.

Hapo Mama akatoka jikoni akijifuta mikono, kwa kuwa tamthilia yake ilikuwa inakaribia. Akashika kitambaa cha TV kwa ncha mbili, akakinyanyua, akabaki amekishika hewani.

"Jamani," akasema taratibu. "Kuna mtu kagonga ng'ombe humu."

Tuligeuka wote. Kwenye kioo kizima cha TV palikuwa na barabara yangu, vumbi langu, ng'ombe wangu wenye pembe nilizochora kwa wiki nzima, na pikipiki imelala kifudifudi katikati yao, abiria kakaa chini kashika kichwa. Juu yake maandishi mekundu: UMEGONGA NG'OMBE. Nikagusa mshale. Pikipiki ikainuka, ikaenda hatua mbili, ikagonga mwingine.

Ikanibidi nikae chini sakafuni. Asubuhi, kabla sijaenda stendi, nilikuwa nimeunganisha waya wa laptop nyuma ya TV, nikaagiza mchezo ufungukie kule ili Baba mdogo auone kwa ukubwa. TV nikaiacha inawaka, ina weusi mtupu, inasubiri. Mama akapita na ufagio, akaona haionyeshi kitu, akaifunika vumbi lisiingie. Na mimi niliporudi na kukuta imefunikwa sikujiuliza hata kidogo, kwa sababu katika nyumba yetu TV iliyofunikwa ni TV iliyozimwa, nimelelewa hivyo. Nikahamia kwenye laptop bila kukumbuka kwamba mchezo hautii macho yangu, unatii nilichouagiza. Kila nilipobonyeza ulikuwa unafunguka vizuri kabisa, mmoja juu ya mwingine, na mwendesha pikipiki wangu alikuwa amegonga ng'ombe mchana kutwa gizani.

Mama aliuliza kama ameharibu kitu. Dada alikuwa amelala kwenye mkeka, mchele umemwagika, machozi ya kicheko yanamtoka. Mimi nilicheka mpaka nikapata kwikwi.

Aliyekuwa hacheki ni Baba mdogo. Alikuwa ameshasogeza kiti mbele ya TV na kuivuta laptop magotini.

"Huyu wa pikipiki anaongozwa vipi?"

Nikamwonyesha mishale. Akagonga ng'ombe. Akarudi, akagonga mwingine. "Huyu nilimwona," akalalamika, "ila alisita. Ng'ombe wa kweli hasiti." Nikamwambia hilo nitalirekebisha. Akasema nisimguse, kwanza ampite. Mama alikaa kwenye mkono wa kochi na kitambaa chake begani, akawa anamwelekeza apite kushoto, na tamthilia ikaanza na kuisha bila sisi.

Simu ya Baba mdogo iliita mara kadhaa ndipo akaipokea, akaibana kati ya sikio na bega ili mikono isiondoke kwenye vitufe. Nilisikia sauti ya dereva ikiuliza wako wapi.

"Nenda tu," alisema. "Mimi nitakuja na la kesho. Hiyo nafasi nyingine mpe mtu." Akakwepa ng'ombe mmoja, macho kwenye barabara. "Hapana, huyo kijana simleti. Ana kazi."

Nilitaka kumuuliza kama alimaanisha kweli, au alisema tu ili dereva akate simu, au angebadilisha mawazo kesho asubuhi. Sikupata nafasi. Alikuwa ameona upenyo kati ya ng'ombe wawili, akainama upande mmoja pamoja na pikipiki, na Mama akainama naye.