Jina la Maksai

Kachi! Hivyo ndivyo koleo lilivyolia likiponda mishipa ya fahali, na ndivyo Munyao alivyosikia kichwani daktari aliposema kwamba saratani ya tezi dume imesambaa, korodani ziondolewe.

Ujanani huko Masii alikuwa fundi wa kuhasi. Fahali aliingia zizini akipiga kwato, akatoka maksai, mnyama mpole wa kuvuta plau. Munyao alilitamka neno hilo kama unavyotamka jembe.

Aliporudi mtaani Mbotela baada ya upasuaji, mkewe Wavinya alificha siri. Kivuva, mdogo wake Munyao aliyemsindikiza hospitalini, alilewa akaimwaga. Vijana wa kuosha magari wakaanza: "Niaje, mzee maksai!"

Hilo angelivumilia. Lakini binti yake Mbithe alikuwa akiletewa mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Wakamba hawaihesabu ndoa, na baba ndiye huwapokea.

"Kaka, kamba ya mbuzi nitashika mimi," Kivuva alisema. "Wazee watacheka. Unataka mtoto aaibike?"

Munyao alikwenda kukaa dukani kwa Saad, ambaye wazazi wake walitoka Lamu. Saad alikuwa akipima sukari.

"Kwetu neno ni towashi," alisema. "Nyanya alikuwa akilitaja, anatema mate. Watoto walikatwa, wakauzwa ng'ambo kulinda nyumba za wakubwa. Wengi walikufa kwa kidonda. Aliyepona hakuulizwa tena mama yake alimwita nani. Towashi, basi." Akafunga mfuko. "Wewe umetibiwa, Mzee Munyao. Hukuuzwa."

"Waambie hao vijana."

"Nimewaambia. Wamecheka."

Jumamosi wageni walifika, mbuzi wakilia mbele ya nyumba. Munyao alikuwa amevaa koti lake la harusi, ambalo sasa lilimpwaya mabegani. Msemaji wa wakwe aliinua kamba.

"Baba ya msichana ni nani?"

Munyao akapiga hatua. Mtu mmoja nyuma akaguna kama ng'ombe, na kicheko kikapita kwa wazee, kifupi, kilichofunikwa na viganja. Mguu wa Munyao ukasita. Kivuva akanyoosha mkono, akaipokea kamba.

Vigelegele vikapanda. Katikati ya vigelegele hivyo, Mbithe alikuwa akigeuza shingo huku na huku, akimtafuta baba yake.

Munyao alimwinamia Wavinya sikioni.

"Mwambie nilikuwepo," akanong'ona, akageuka kuondoka.